Paa Linavuja: Maji Yanaingilia Wapi?



Hapa Nakivale mvua hutufikia mara mbili kwa mwaka: ya kwanza kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 5, ya pili kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 12. Kila msimu unapoanza watu hufika ofisini na ombi lile lile: nyumba inavuja, tunaomba turubai jingine. Tunaelewa uzito wa ombi hilo. Mtoto hawezi kulala mahali palipolowa, unga ukiingia maji unaharibika, na karatasi za usajili zikilowa ni kazi kubwa kuzipata upya. Lakini tunapokwenda kutazama, mara nyingi tunakuta turubai la pili limekwisha kutandikwa juu ya la kwanza, pengine na la tatu, na maji bado yanaingia. Mwenye nyumba ameziba pale tone linapoangukia. Pale maji yanapoingilia hajapaona bado.

Karatasi hii inaeleza jinsi ya kupaona. Imeandikwa kwa ajili ya nyumba za mabati na za turubai. Wenye nyumba za nyasi wanajua kazi yao kuliko sisi, na kanuni moja tutakayoitaja hapa chini tumeiazima kwao.

Tone ni mwisho wa safari

Maji yakipenya kwenye bati hayaanguki hapo hapo. Hushika upande wa chini wa bati, hufuata mteremko mpaka yakutane na pao, hutambaa juu ya pao, hufika kwenye fundo la kamba, au ncha ya msumari, au mahali mti ulipopinda, na hapo ndipo yanapodondoka. Tundu laweza kuwa mkono mmoja kutoka kwenye tone, laweza pia kuwa hatua tatu. Lililo hakika ni kwamba maji hayapandi mlima. Tundu litafutwe upande wa juu, kuelekea kileleni mwa paa. Ukitazama chini ya tone unapoteza muda.

Katika nyumba zenye dari mambo hujificha zaidi. Wengi wetu tumeshona magunia au tumetandaza turubai kuukuu chini ya mabati ili kupunguza joto la mchana. Dari ya namna hiyo hulegea katikati. Maji yaingie pembe ya mlangoni au pembe ya jikoni, yote huteremkia kwenye tumbo lile lile, na doa huonekana juu ya kitanda ingawa paa lililo juu ya kitanda ni zima. Kabla ya kutafuta chochote, toa hayo maji: weka beseni, inua dari taratibu kwa fimbo butu kutoka katikati kuelekea ukutani, uyaache yatoke pembeni. Usiitoboe kwa kisu ukiwa umesimama chini yake. Kisha fungua dari upande mmoja utazame juu. Hakuna anayeweza kutafuta tundu huku dari imefungwa, na hilo tunalisema kwa sababu kila mwaka kuna anayejaribu.

Kaa chini utazame kwanza

Mvua inaponyesha, kazi yako si kupanda juu ya paa. Bati lililolowa linateleza, na radi za huku sote tunazijua. Kazi yako ni kukaa ndani na kutazama, ukiwa na tochi na kipande cha mkaa. Kila pao lenye maji litie alama ya mkaa mahali maji yanapoanza kuonekana. Nyumba inayopikiwa ndani ina faida moja hapa: masizi yamefunika mapao yote, na maji yanapopita huyaosha na kuacha mchirizi unaoonekana hata siku ya pili, mvua ikiwa imekwisha. Ufuate huo mchirizi kwenda juu mpaka unapokatika.

Angalia pia saa ya kuvuja. Ikiwa maji yanaanza kudondoka mara tu mvua inapoanza, hilo ni tundu lililo wazi: msumari uliong'oka, bati lililotoboka kwa kutu, turubai lililochanika. Ikiwa nyumba hukaa kavu nusu saa ndipo ianze kuvuja, maji yanakusanyika mahali fulani juu, yakijaa yanafurika kuingia ndani. Tazama panapobonyea, tazama majani yaliyoziba kati ya mabati mawili. Ikiwa inavuja siku za upepo tu, na ni upepo wa upande mmoja, basi maji yanasukumwa kupita chini ya bati lililolalia jenzake, au chini ya kofia ya paa, au kati ya ukuta na paa. Na ikiwa inaendelea kudondoka saa nzima baada ya mvua kukatika, kuna maji yaliyotuama juu ya dari au kwenye mkunjo wa turubai.

Kuna jambo jingine ambalo huwasumbua wengi bure. Umeamka alfajiri, usiku halikunyesha, na chini ya mabati kuna matone mengi madogo yaliyoenea paa zima. Huko si kuvuja. Ni mvuke wa chungu na pumzi za watu waliolala, umegusa bati lililopoa usiku ukageuka kuwa maji, kama umande. Hata ukiziba paa zima kwa lami matone hayo yatarudi, na pengine yataongezeka, kwa kuwa dawa yake ni hewa: acha nafasi wazi juu ya ukuta pande mbili zinazotazamana, chini ya upenu mvua isipofika. Tumekuta nyumba ambamo nafasi hizo zimezibwa kwa matambara kuzuia baridi, na mama wa nyumba analalamika kwamba mabati aliyouziwa ni mabovu.

Mchana, na siku ya jua

Mvua ikipita, ngojea siku ya jua kali. Saa sita mchana funga mlango na madirisha, kaa ndani mpaka macho yazoee giza, utazame juu. Tundu la bati huonekana kama nyota. Kwa nyumba ya mabati, penyeza unyasi mgumu au njiti katika tundu ili aliye nje aione. Kwa nyumba ya turubai usipenyeze kitu. Tundu dogo utaligeuza kuwa kubwa. Afadhali mtu wa nje apapase na kiganja, wa ndani amwambie.

Kama hakuna mwanga unaoonekana na bado nyumba inavuja, fanya jaribio la maji. Watu wawili wanahitajika. Mmoja akae ndani penye alama za mkaa. Mwingine asimame kwenye ngazi, nje, na jerikeni na kikombe. Maji yaliyosuuza nguo yanafaa, hakuna haja ya kumaliza ya kunywa. Aanzie chini karibu na upenu, amwage polepole sehemu yenye upana wa hatua moja, asubiri dakika 5. Wa ndani asipoona kitu, wa nje apande kidogo. Ni lazima kuanzia chini. Ukianzia kileleni maji yatateremka yapite juu ya matundu yote, na hutajua ni lipi linaloingiza. Kazi hii huchukua asubuhi nzima na vijana huichoka upesi, kwa hiyo chagua kijana mwenye subira.

Mabati

Sehemu kubwa ya uvujaji tunaoukuta kwenye mabati inatokana na misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni, kila tone linaloteremka linapita juu ya tundu lake. Na ukipigwa mgongoni kwa nguvu mpaka mgongo ukabonyea, umetengeneza kibakuli kuzunguka msumari, na mambo ni yale yale. Chini ya kichwa cha msumari iwepo raba. Isipokuwepo, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukubwa wa sarafu, na juu yake weka kizibo cha soda ili kichwa cha msumari kisikate raba.

Msumari uliolegea usiugongee tena katika tundu lile lile. Jua la mchana hurefusha bati, baridi ya usiku hulifupisha, upepo hulitikisa, na tundu la kwenye mti limekwisha kupanuka. Utashika wiki moja. Ung'oe, upige mpya kwenye mgongo wa jirani penye mti mzima, kisha uzibe tundu la zamani. Wanaonunua mabati yaliyokwisha kutumika wahesabu matundu kabla ya kuhesabu fedha. Tena waangalie unene: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, namba ikikua bati linapungua.

Jambo la pili ni mabati yanavyolaliana. Hapa ndipo tunapoazima kanuni ya waezekaji wa nyasi: cha juu hulala juu ya cha chini, kuanzia kileleni hadi kwenye upenu, bila kuvunja mpango hata mara moja. Kwa urefu, bati la juu lipite juu ya la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Paa lenye mteremko mdogo likitiwa 20 ni bora. Kwa ubavu, lipite mgongo mmoja na nusu, na mdomo wa maungio uwe upande usiopigwa na upepo wa mvua. Paa likikosewa hapo, hakuna dawa ya kupaka itakayosaidia. Inabidi kung'oa na kulaza upya, na ni heri kuifanya mwezi wa kiangazi.

Tundu la kutu lililo karibu na maungio huzibwa kwa kipande cha bati chenye migongo ile ile: ncha yake ya juu iingie chini ya bati la juu, ncha ya chini ilalie juu ya bati bovu. Tundu dogo lililo katikati ya bati husuguliwa mpaka kutu iishe, hukaushwa, kisha hupakwa lami au silikoni ya dukani pamoja na kitambaa. Sima usiitumie. Bati linatanuka na kunywea kila siku, sima haifuati, baada ya mwezi ina ufa na ufa huo unashika maji. Na tunawaomba wazazi wakataze ule mtindo wa kuyeyusha mifuko ya plastiki na kudondosha juu ya tundu. Moshi wake ni mbaya, matone yake hugandia ngozi na kuunguza, na kiraka chenyewe hupasuka.

Siku hizi matundu mapya yameongezeka kwa sababu ya sola. Anayefunga kibao cha sola hupiga misumari minne bondeni, hupitisha waya katika tundu la tano, anaondoka. Waya upite chini ya upenu. Kibao kikifungwa kwenye mti wake pembeni ya nyumba, paa halitahitaji tundu lolote. Mawe na magurudumu yanayowekwa juu ya bati kuzuia upepo nayo yanashika unyevu na majani, na bati huoza chini yake. Paa lifungwe kwa waya kwenye nguzo, kutoka ndani.

Turubai

Turubai la mita 4 kwa 5 ambalo wengi wetu tulipewa tulipofika limefumwa kwa nyuzi za plastiki na kupakwa plastiki pande zote mbili. Adui yake mkubwa ni jua. Kunja pembe moja kwa vidole: ikivunjika na kuacha unga, au nyuzi zikibaki wazi, turubai hilo limekufa na kiraka hakitalifufua. Lifae kwa kazi nyingine. Lakini likikunjika bila kuvunjika, bado linatengenezeka.

Tazama kwanza chini yake. Matundu mengi ya turubai huanzia ndani, linaposuguana na kifundo cha mti au ncha ya fito wakati wa upepo. Chonga vifundo, zungushia tambara, ndipo ushughulikie tundu. Usipitishe msumari katika turubai bila raba. Panapohitajika kamba na hapana mkanda wa kufungia, funga kokoto laini ndani ya turubai, ukaze kamba kwenye shingo yake. Hapo hujatoboa kitu.

Gundi za kawaida hazishiki kwenye plastiki hii, na kushona kunaongeza matundu ya sindano. Tulichokiona kikidumu ni kipande kirefu kinachoanzia kileleni, kikapita upande wa pili wa paa, na kuteremka mpaka kizidi jeraha kwa mkono mmoja. Hakina maungio upande wa juu, kwa hiyo maji hayana pa kuingilia.

Kisha uangalie mabwawa. Turubai lililolegea kati ya miti miwili hushika maji. Bwawa la mita moja kwa moja, lenye kina cha sentimita 10, ni lita 100, yaani jerikeni 5 zilizojaa zinaning'inia juu ya watoto. Ongeza mti katikati, au kaza kamba. Kuongeza turubai la pili juu ya bwawa ni kuongeza uzito tu.

Ukuta

Tumeacha ukuta mwisho ingawa ndio unaotutia hofu zaidi. Tone linaloanguka sakafuni linaonekana na kila mtu analikimbia. Tone linaloingia kichwani mwa ukuta wa udongo halionekani. Ukuta unakunywa kimya.

Mama mmoja hapa kwetu alivujiwa juu ya kitanda. Aliziba juu ya kitanda mara mbili, na aliposhindwa alihamishia kitanda upande wa pili, ukutani, ambako palikuwa pakavu. Maji yalikuwa yakiingia kwenye kofia ya paa, ambako msumari mmoja ulikuwa umetoka. Sehemu yake ilifuata mapao ikadondoka kitandani, nyingine ilifuata mti wa ubavuni ikaingia katika ule ukuta aliouona mkavu. Ukuta ulianguka ndani siku ya pili baada ya mvua kukatika, jioni, watoto wakiwa nje wanakula. Sote tulikitazama kile kitanda. Msumari uliokosekana ulikuwa mmoja.

Kwa hiyo, nyumba ikivuja, ukague ukuta hata kama chini hapajalowa. Gusa sehemu ya juu kabisa kwa kiganja, mahali mti unapokalia udongo. Bonyeza kwa kidole. Udongo ukiingia ndani kama unga uliokandwa, au ukiona ufa mpya unaolala, au ukuta umetoka tumbo, ondoa vitanda upande huo siku hiyo hiyo, ndani na nje, na watoto wasicheze chini yake. Usitulie kwa sababu mvua imekwisha. Ukuta uliokunywa maji waweza kuanguka jua likiwaka. Upenu nao utokeze nusu mita au zaidi, na chini yake pawe na mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba, isiwe kwa jirani.

Wasioweza kupanda

Wazee, wagonjwa, akina mama wajawazito na walio peke yao wasipande juu ya paa. Wapeleke habari kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji chao mapema, na waeleze mambo haya matatu: inavuja upande gani, inaanza lini baada ya mvua kuanza, na je, kichwa cha ukuta kimelowa. Anayesema tu "nyumba inavuja" atasubiri katika orodha na wengine wengi. Anayesema "ukuta wa upande wa kitanda unabonyea" anahitaji mtu leo, na mwenyekiti atalijua hilo bila kufika.

Anayepanda akanyage kwenye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake kuna mti, au alaze ubao. Ngazi ifungwe kwa kamba na mtu aishike.

Ukimaliza kuziba, rudia jaribio la maji kuanzia chini kwenda juu, na mtu ndani, kama mwanzo. Ngojea mvua moja ya kweli, yenye upepo. Mapao yakibaki makavu, rudisha dari mahali pake na ufute alama za mkaa. Pao litakalolowa tena liachie alama yake.